Seti ya midoli yenye ulemavu wa viungo: kiti safi, rampu irefushe, kijitabu kiweke pembeni

Naanza na jibu kabisa kwa wale wasiopenda maandishi marefu: nunua. Ila kile kijitabu cha hadithi kilichomo ndani usiwasomee watoto, na rampu, ile njia ya mteremko ya kupandishia kiti, irefushe kabla hujawapa waichezee. Wengine tuendelee maana maelezo yapo.

Mi nafundisha watoto wadogo, wa miaka minne hadi sita, na darasani kwangu yupo binti anayetumia kiti mwendo. Huyo ndo mkaguzi mkuu wa haya ninayoandika, nitamtaja sana. Boksi lenyewe ni ile aina ya seti za midoli yenye ulemavu wa viungo ambazo siku hizi ziko kibao mtandaoni, viwanda tofauti lakini zinafanana mno, kwa hiyo sitaji kampuni, ukiiona utaijua tu. Ndani kuna midoli minne, kila mmoja urefu wa kiganja: wa kwanza ana kiti mwendo, wa pili mguu wake wa kushoto ni wa bandia na unachomoka, wa tatu ana magongo, wa nne amevaa vyuma miguuni na ana kile kitembezi cha kushika mbele. Afu kuna rampu ya plastiki, karatasi ya stika, na hicho kijitabu nilichosema.

Kwa nini nililitafuta. Mtoto mdogo hahitaji kufundishwa kuona tofauti, anaiona mwenyewe mapema sana, na akimwona mtu anapita na magongo anauliza hapohapo, kwa sauti, mbele za watu, "huyu mguu wake umefanyaje?" Mzazi anafanyaje sasa? Anamvuta mkono, "shhh, usimwangalie." Basi hilo ndo somo la kwanza mtoto analopata kuhusu ulemavu, kwamba kuna mtu hapa ambaye hatakiwi kuangaliwa wala kuongelewa. Na hawa si watu wa kukutana nao mara moja kwa maisha, maana WHO kwenye ripoti yao ya 2022 walisema watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali ni kama bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita duniani, na UNICEF 2021 wakataja watoto karibu milioni 240. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ule wa 2006, ibara ya 8 inataka watoto wote wajengewe heshima hii tangu wakiwa wadogo. Sawa kabisa, ila mkataba haukwambii umkalishe vipi mtoto wa miaka minne umweleze heshima ni nini. Ukimhutubia anaangalia dirishani. Umpe kitu ashike, akigeuze, akibomoe kidogo, hapo unaye.

Tuje kwenye kiti, maana ndo sababu kubwa ya kununua seti hii. Magurudumu makubwa ya nyuma yanazunguka kweli, yale madogo ya mbele yanageuka kila upande kama inavyotakiwa, sehemu ya kuwekea miguu inakunjwa, na mdoli anatoka kwenye kiti. Usilichukulie poa hilo la mwisho. Kuna seti za bei rahisi mdoli kagandishwa na kiti chake, kitu kimoja, na mtoto akichezea ile anajifunza kwamba mtu na kiti ni kiumbe kimoja, hatoki kwenda kitandani, hakai chini kwenye mkeka, haingii majini kuogelea. Kwenye hii wangu walimshusha mdoli dakika ya kwanza tu wakamlaza, wakafunika na kitambaa, kiti wakakiegesha pembeni ya kitanda. Wakakiegesha karibu, tena kimegeuzwa vizuri ili asubuhi akae kirahisi. Aliyewaonyesha pa kukiweka ni yule binti, wala sikumuuliza mimi.

Ila kiti kina kasoro moja kubwa na sidhani aliyekichora amewahi kukaa na mtu anayetumia kiti. Nyuma kimewekewa vishikio viwili vikuubwa vya mtu kusukuma, lakini kwenye magurudumu hakuna zile pete za pembeni ambazo mwenyewe anashika ajisukume. Mi sikugundua kwamba hizo pete hazipo. Binti alikichukua, akakizungusha mara mbili hivi, akauliza: "Sasa huyu anaendaje?" Nikamwambia anasukumwa. Akaniangalia. "Na akitaka kwenda mwenyewe?"

Na ukiangalia mchezo wa wenzake unaona kabisa hiyo kasoro inavyofanya kazi. Kila walipomchukua mdoli wa kiti lazima wamtafutie msukumaji kwanza, na msukumaji ndo anayeamua waende wapi, ndo anayeongea, yule wa kwenye kiti anapelekwa tu. Hakuna aliyewafundisha hivyo, ni vile vishikio vimewaambia. Nikachukua pete mbili za plastiki za pazia zenye upana unaokaribia wa gurudumu, nikazibandika kwa gundi ya moto upande wa nje, basi. Mikono ya mdoli haikunjiki kwenye kiwiko kwa hiyo hafiki vizuri, lakini watoto hawana shida na hilo, wanamsogeza kwa kidole kwenye pete na wanasema "anajiendesha." Siku hiyohiyo mdoli wa kiti akawa dereva wa basi. Kama una gundi na subira ya nusu saa fanya hivyo kabla hujalifungua boksi mbele yao.

Sasa rampu. Rampu ndo inanichekesha na kunikera kwa pamoja. Inapanda sentimita 5 na urefu wake ni sentimita 18. Wanaojenga majengo kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili, kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za urefu, kwa hiyo sentimita 5 zilitaka rampu ya sentimita 60. Hawa wameweka 18! Ukimpandisha mdoli na kiti chake anafika katikati anapinduka chali, miguu juu. Watoto walicheka sana mara ya kwanza, na mi sikuwazuia, kiti kikipinduka kinachekesha. Afu wakaanza kugombana sababu ni nini. Mmoja akasema mdoli mzito. Mwingine kiti kibovu. Binti akasema, "Kiti hakina kosa, hiyo njia imesimama sana, hata mimi ningeanguka." Tukachukua ubao wa boksi lenyewe tukakata, tukaunga, mdoli akapanda mpaka juu bila kushikwa.

Nimeikosoa rampu lakini ukweli ile kasoro yake ilinifundishia kuliko kitu kingine chochote kwenye seti, na nisingeweza kulipanga somo lile hata ningekaa wiki nzima na daftari la maandalio. Maana mtoto wa miaka mitano ameona kwa macho yake kwamba mdoli ni yuleyule, kiti ni kilekile, kilichobadilika ni njia, na ghafla anaweza kupita. Baada ya hapo wakawa hawashikiki. Wakaanza kukagua darasa. Kizingiti cha mlango wa kwenda nje, kiko juu. Vibanio vya kutundikia mabegi, viko juu. Bomba la kunawia, ukiwa umekaa hulifikii mpaka ujinyooshe na maji yanakuingia kwenye mkono wa shati. Mwaka mzima mi napita hapo na sijawahi kuliangalia lile bomba kwa jicho hilo, na watoto wa miaka mitano wakaniandikia ripoti kwa mdomo. Vibanio tumeshusha. Bomba limepelekwa kwa wakubwa, tunasubiri (nafikiri mnajua kusubiri kukoje).

Na hii ya njia kutompitisha mtu haijaanza kwenye rampu yangu. Wanaokumbuka midoli ya zamani watakumbuka Becky, rafiki yake Barbie, kampuni ya Mattel walimtoa 1997 akiwa kwenye kiti mwendo cha pinki, watu wakafurahi sana, mpaka ilipogundulika kiti chake hakiingii kwenye lifti ya nyumba ya Barbie. Nyumba ilikuwa ya kampuni hiyohiyo! Msichana wa sekondari huko Marekani mwenye ulemavu ndo aliyelisemea likafika kwenye magazeti. Baadaye Becky akaondoka sokoni, na ilipofika 2019 ndo Barbie mwenyewe akatolewa na kiti mwendo, safari hii akiwa na rampu ndani ya boksi. Mi nikiwasimulia wazazi kisa cha Becky wanacheka, afu wananyamaza wakianza kufikiria ngazi za nyumbani kwao. Kama una nyumba ya midoli darasani au nyumbani, pima mlango wake kabla. Yetu kiti hakikuingia, tumekata ukuta mmoja kwa kisu cha karatasi.

Mdoli wa mguu bandia. Huyu ndo kipenzi cha wengi na sababu ni rahisi, mguu unachomoka na unarudi kwa mlio, tak! Siku za mwanzo ilikuwa tak tak tak asubuhi mpaka mchana, ukiwa na kichwa kinachouma usilitoe boksi. Wapo wazazi walioniambia eti kuchomoa mguu kutawatisha watoto. Wapi. Watoto hawakutishika hata kidogo, wakubwa ndo wanaotishika. Mattel walipotengeneza yule Barbie wao wa mguu bandia 2019 mmoja wa walioshirikishwa alikuwa Jordan Reeve, msichana wa Marekani aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wake wa kushoto, na mguu wa yule nao ni wa kuvua, na ndo inavyotakiwa, maana kwenye maisha ya kweli mtu anauvua usiku akilala, anauvaa asubuhi. Wangu wameshalizoea hilo, ukifika muda wa mdoli kulala, mguu unawekwa kando ya kiatu.

Maswali yanakuja kwa mafungu hapo. Mguu wake umeenda wapi? Unamuuma? Na mimi wangu utatoka? Hilo la tatu ndo swali halisi, mengine ni ya kusindikiza, mtoto anataka kujua kama yuko salama, jibu bila kuzunguka: hapana, miguu haidondoki yenyewe, na ulemavu hauambukizi, ukimshika mkono au ukikaa kwenye kiti chake hupati chochote. Wengine wanazaliwa hivyo, wengine ni ajali, wengine ugonjwa. Usiongeze hadithi. Mi huwa najibu sentensi moja nanyamaza, akitaka zaidi atauliza, na mara nyingi hataki zaidi, anataka tu mdoli wake arudi kucheza.

Kasoro ya huyu iko pale mguu unapoingilia. Wameweka kitundu cha mviringo kwenye paja na pini kwenye mguu bandia, basi mtoto mmoja akaniuliza kwa wasiwasi kabisa kama watu wa kweli nao wana tundu kwenye mguu. Ikabidi nieleze kwamba mguu uliobaki unaishia mviringo, ngozi imefunga vizuri, unavalishwa kitu laini kama soksi halafu unaingia kwenye kikombe cha mguu bandia. Nikawachorea ubaoni. Wangetengeneza kikombe badala ya pini isingekuwa kazi kubwa hivyo, na seti nyingine nimeona wameweza. Kingine, waambie kwamba mtoto akikua mguu bandia haukui naye, kwa hiyo wadogo wanabadilishiwa mara kwa mara, hata kila mwaka. Hilo lilikubalika fasta sana, maana wote wanajua habari ya viatu kubana.

Wa magongo sina mengi. Magongo membamba, moja lilivunjika mapema, nikalifunga kwa tepu. Shida yangu kubwa ni kwamba wamempa magongo ya kwapani, yale ambayo watoto wamezoea kuyaona kwa mtu aliyevunjika mguu, matokeo yake kila mtu anauliza "atapona lini?" Watu wengi ambao magongo ni ya maisha yao ya kila siku wanatumia yale ya kushika kwenye mkono yenye kipete cha kigasha, na yangewekwa hayo ingekuwa rahisi kuwatenganishia: kuna anayeumia akapona, na kuna ambaye ndivyo mwili wake ulivyo na ana shughuli zake, hasubiri kupona ndo aanze kuishi. Wa vyuma miguuni katengenezwa vizuri, mikanda ya vyuma inafunguka, na kwa mwenye mtoto au mwanafunzi mwenye mtindio wa ubongo huyu ndo mdoli atakayemfurahia. Ila magurudumu ya kitembezi ni ya kuchora tu, hayazungukii popote.

Haya, kijitabu. Jamani kijitabu.

Kurasa kumi na mbili, picha nzuri, rangi nzuri, na hadithi ambayo sijui ilipitishwa na nani. Mdoli wa kiti ana huzuni kwa sababu hawezi kukimbia na wenzake. Wenzake wanamhurumia, wanakaa naye, wanalia. Afu anaamua kuwa jasiri, anajitahidi, anajitahidi, ukurasa wa mwisho anasimama kwenye kiti na kila mtu anapiga makofi. Anasimama! Yaani kwa mujibu wa kijitabu hiki ukiendelea kukaa kwenye kiti basi hujajitahidi vya kutosha. Mi nilikisoma mwenyewe usiku kabla ya kukipeleka, nikakiacha mezani kwangu, lakini mwenzangu wa darasa la pili aliwasomea wa kwake na kesho yake mtoto mmoja akamfuata binti wetu uwanjani kumuuliza atasimama lini. Binti akamjibu, "mi sisimami, mi naendesha," akaondoka zake. Alijibu vizuri, lakini kwa nini mtoto wa miaka sita awe na kazi ya kusafisha alichochafua mwandishi wa kijitabu?

Marehemu Stella Young, mchekeshaji na mwandishi wa Australia aliyekuwa akitumia kiti mwendo, 2014 alilisema hili jukwaani vizuri kuliko ninavyoweza mimi, kwamba amechoka kugeuzwa kitu cha kuwatia wengine moyo eti kwa sababu tu ameamka asubuhi na anakumbuka jina lake. Huruma na ushujaa, hadithi za ulemavu zinajua njia hizo mbili tu. Wa kati yupo wapi? Yule anayegombania rangi nyekundu, anayeiba zamu ya bembea, anayesusa? Huyo ndo mtoto ninayemfundisha mimi.

Na nyuma ya kijitabu kuna ukurasa wa "michezo ya kujaribu," eti mfungeni mtoto miguu kwa kitambaa azunguke darasani apate kujua ulemavu ukoje. Usifanye. Kuna utafiti wa 2017 wa Michelle Nario-Redmond na wenzake, walijaribu mazoezi ya namna hii kwa wanafunzi wa chuo, watu wazima hao, wakakuta wanatoka wakiwa na hofu na aibu na kujiona hawawezi lolote, na hawakuwa na mtazamo bora kuhusu kukaa na watu wenye ulemavu. Inaeleweka kabisa. Ukimfunga mtu miguu dakika kumi anachoonja ni ile siku ya kwanza ya kutojua chochote. Binti wangu ameendesha kiti tangu akiwa na miaka miwili, anageuka papo hapo kwenye nafasi ya meza moja, anarudi nyuma bila kuangalia, breki anafunga kwa kiwiko mikono ikiwa na vitabu. Kuna kitambaa gani cha kumfunga mwenzake ajue hayo?

Badala ya kijitabu mi naweka midoli kwenye kapu moja na midoli mingine. Sitangazi somo la ulemavu, sisemi leo tutajifunza. Wanacheza siku ya kawaida, kuamka, kuoga, shule, kugombana, kulala, na swali likija linajibiwa hapo lilipotokea. Kama una mtoto mwenye ulemavu darasani ongea naye kwanza pamoja na mzazi wake kabla ya kulitoa boksi, asije akashtukia yeye ndo maonyesho ya leo. Wetu alikubali kwa sharti kwamba hataulizwa maswali mbele ya wote, akitaka kusema atasema mwenyewe. Nimeliheshimu, na kama mlivyoona anasema sana tu, ila kwa wakati wake.

Kwamba kuna kilichoingia vichwani, nitawaambia nilichokiona. Kwenye mchezo walijiwekea sheria kwamba kiti cha mdoli hakisukumwi bila kumuuliza, na anayevunja anatoka mchezoni, sheria kali za watoto mnazijua. Juzi tunatoka nje, mvulana mmoja ambaye ana mazoea ya kudandia kiti cha binti kwa nyuma akaweka mikono kwenye vishikio, akasita, akazunguka mbele, akauliza, "nikusukume?" Binti akasema hapana, nikimbize. Wakaondoka hao.

Kitu ninachoona kinakosekana: mtu mzima. Midoli yote minne ni watoto. Hakuna mama mwenye kiti mwendo, hakuna daktari mwenye mguu bandia, hakuna mwalimu mwenye magongo. Nilidhani ni kitu kidogo mpaka mtoto mmoja aliponiuliza mdoli akikua ataacha kiti, kwa maana hajawahi kuona kwenye midoli mkubwa mwenye kiti. LEGO walipotoa yule kijana wao wa kiti mwendo 2016, baada ya kampeni ya wazazi wa Uingereza iliyoanza 2015 ya kudai midoli inayofanana na watoto wao, angalau ilionekana kwamba kampuni zinasikia zikipigiwa kelele, kwa hiyo mkinunua andikeni maoni kwa muuzaji, ombeni watu wazima, ombeni pete za magurudumu. Mi nimeandika. Wamenijibu asante kwa maoni yako, basi.

Stika sijazitaja kwa sababu hazina la kutajwa, ziko kwenye mlango wa kabati.

Uimara: plastiki ngumu, nimeiosha na maji ya sabuni mara nyingi rangi haijatoka, ekseli ya kiti inahitaji tone la mafuta baada ya muda maana inaanza kulia. Kwa watoto chini ya miaka mitatu usinunue, vile vipira vya chini ya magongo vinatoka na ni saizi ya kooni kabisa, mi nimevigandisha kwa gundi japo wangu ni wakubwa. Alama zangu ni nne kati ya tano bila kijitabu, ukihesabu na kijitabu natoa mbili. Mguu bandia utapotea, si swali la kama, wetu ulipatikana ndani ya kiatu cha mtu mwingine, na wanauza wa akiba peke yake, ila unapoagiza andika saizi ya mdoli wako, maana wa seti ndogo nao unaingia na unalia tak vilevile lakini ni mfupi, mdoli anasimama upande, na hapo utaulizwa na darasa zima kwa nini umemnunulia mguu usiomtosha.